Sanduku la jiko lipimwe na anayepika

Sanduku letu la kwanza liliingia mtaani kwa mkokoteni, hamali wawili wakisukuma na fundi akilishikilia kwa nyuma lisiteleze. Jirani yetu, bibi wa makamo, alichungulia dirishani, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mama Salma, kuna msiba?" Nikamwambia hapana bibi, ni jiko la safari, sanduku la kubebea vyombo vya kupikia tukienda kulala porini. Akaliangalia tena wala hakuonekana kuniamini. Sikumlaumu, maana lilikuwa na urefu wa mita moja na zaidi na limepakwa vanishi likang'aa.

Baba Salma alikuwa ameliona kwenye video za watu wanaolala porini na magari yao. Akalichora na vipimo vyake, akalipeleka kwa fundi Kisauni. Droo tano, kila moja na reli zake. Plaiwudi ya milimita 18. Mahali pa visu, mahali pa taulo, hata pembe ya kufungulia chupa za soda. Tulipolipandisha kwenye mizani ya muuza nafaka lilisoma kilo 43, na ndani hamna hata kijiko. Na gari letu ni Probox, gari dogo tu.

Nasema bila kumvunjia heshima mume wangu: masanduku mengi ya jiko yanayosifiwa huko mitandaoni yamechorwa na watu wasiopika. Utayajua tu. Yana mahali pa kila kitu isipokuwa sufuria. Letu lilikuwa hivyohivyo. Droo ya juu ilijaa vizuri uma na vijiko, ya pili viungo, na tulipofika kwenye sufuria ya wali wa watu sita ikabidi iende kukaa kiti cha nyuma, mapajani mwa Salma, tangu Mariakani hadi Voi.

Hizo droo nazo! Mwenye kuishi Mombasa anajua mbao inavyofura masika. Mwezi wa tano droo mbili zilikataa kufunguka, tukawa tunazigonga kwa kisu kama watu wanaovunja duka. Na kule mbuga ya Tsavo lile vumbi jekundu linaingia kila penye upenyo, kwa hiyo droo isiyokwama huijaza mchanga reli zake ikakwama nayo. Droo ni mbao juu ya mbao, unabeba kuta zisizoshika chochote. Tuliuza lile sanduku kwa mtu wa karakana. Anaweka spana, na anasema ni zuri sana.

La pili nililisimamia mwenyewe, na sikuanza na mbao. Nilitandika leso mbili sakafuni, nikapanga juu yake kila ninachotumia kupika chakula kimoja cha mchana na chai moja ya asubuhi. Nikaondoa nilichokiweka kwa kujionyesha (kulikuwa na kichujio cha pili, Mungu anajua cha nini). Nikaingiza kinachoingia ndani ya kingine. Hapa ndipo sufuria zetu hizi za kawaida, zisizo na mikono, zinapovishinda vyombo vya bei: tatu zinakaa moja ndani ya nyingine, na ndani ya ile ndogo unatia kichungi cha chai na chumvi. Mshari ni kikaango. Ule mkono wake ndio uliotupangia urefu wa sanduku zima. Halafu ndipo nikachukua futi kamba.

Ikatoka sentimita 70 kwa 42, kimo 45. Fundi, mzee mmoja mwenye subira, alipoona nimebeba sufuria na mbuzi ya kukunia nazi hadi karakanani alicheka, akasema, "Haya mama, leo nashona kanzu." Tukakubaliana plaiwudi ya milimita 9, ile inayostahimili maji. Plaiwudi nzima ya futi 8 kwa 4 ya milimita 18 ina kilo thelathini na kitu. Ya milimita 9 ni nusu ya hiyo, na kwa sanduku dogo lililotiwa gundi na skrubu na vipande vya mbao pembeni inatosha kabisa. Bawaba na skrubu ziwe za stenlesi. Hapa pwani bawaba ya bei rahisi huota kutu kabla hujamaliza kuisifu. Ukingo wa mlango tukauzungushia mpira wa mlango wa gari, vumbi likabaki nje.

Ndani hamna droo. Kuna vyumba vitatu tu: kipana cha sufuria, chembamba cha kusimamisha kikaango, sinia na kibao cha kukatia, na rafu moja ya mikebe. Mlango wa mbele unashuka chini ukashikwa na minyororo miwili, ukawa meza. Sanduku linaingia garini mwisho kabisa, likielekea nje, hivyo ukiinua mlango wa nyuma wa Probox una meza, una rafu na una kivuli, na mvua ikija huna haja ya kukimbia. Lifungwe kwa kamba kwenye ndoano za sakafu. Sanduku lililojaa likiachwa huru, breki moja ya ghafla inatosha kulileta kisogoni mwako.

Wazo la mlango kugeuka meza si la vijana wa video. Mwaka 1866 mfugaji wa Texas, Charles Goodnight, alichukua gari la kukokotwa lililokuwa la jeshi, akapachika nyuma yake kabati la mpishi ili wachunga ng'ombe wapate kula njiani, na mlango wake ukishuka ndiyo meza. Nalo lilikuwa na droo, nakubali. Lakini lilikokotwa na maksai.

Sasa mbuzi. Tuliligombania hili. Baba Salma anasema tubebe tui la pakiti, dunia imeendelea. Mimi nasema hebu tazama mbuzi yenyewe: kigoda kinachokunjika kikawa bapa, na meno yake mbele. Waliokibuni walishajua habari ya nafasi ndogo. Na nazi ni pakiti isiyohitaji barafu. Nazi kavu itakaa wiki nzima ndani ya gari la moto isikuharibikie, wakati pakiti ukishaifungua asubuhi, kwa joto la Tsavo, jioni usiinuse. Maji yake unakunywa, vifuu vinawasha moto kuliko karatasi. Mbuzi inakaa pembeni mwa kikaango, meno nimeyavisha kipande cha mpira wa tairi.

Viungo nasaga nyumbani, navitia kwenye mikebe ya bati yenye vifuniko vya kukaza: uzile, pilipili manga, iliki, mdalasini. Chumvi natia na punje za mchele, la sivyo unyevu wetu huifanya jiwe. Sahani na vikombe ni vya bati. Si mtindo tu. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwenye mbuga, fukwe na misitu ya hifadhi hapa Kenya, kwa hiyo zile sahani nyepesi za sherehe ziache kwa sherehe.

Gesi haimo sandukuni, na hapa sitanii. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai ikaenda zake, inalala chini, na sanduku lililozibwa kwa mpira ni bakuli la kuikusanyia. Mtungi wetu wa kilo 6 unasimama wima peke yake, umefungwa kabisa, na dirisha moja liko wazi kidogo. Seredani tunabeba pia, ya chapati, lakini haiingii hemani hata kama mvua inanyesha na makaa yanaonekana yamekufa. Moshi wa makaa usioonekana umeua watu wakiwa usingizini.

Maji nayo hukaa nje ya sanduku, jerikeni mbili za lita 20. Nacheka kila tukizipakia. Sehemu ya maji ya Mombasa huletwa kwa bomba kutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo Magharibi, nasi tunayabeba tena kuyarudisha Tsavo kwa Probox.

Kosa langu mimi lilikuwa ng'onda, samaki mkavu. Nilibeba vipande vinne nikijua vitakaa bila barafu, jambo ambalo ni kweli. Usiku ule kwenye kambi ya Ndololo, Tsavo Mashariki, hatukulala. Fisi alizunguka gari mpaka karibu na alfajiri, na asubuhi nyani wakaja kumalizia uchunguzi. Mmoja alivuta kile kikomeo cha mlango kama aliyeagizwa. Sasa kikomeo kina pini, na ng'onda wanaliwa nyumbani.

Ila ukiniuliza ni nini kimenisaidia zaidi, sitataja bawaba wala mpira. Ni kwamba vya sandukuni ni vya sandukuni. Mwiko wake, upawa wake, kiberiti chake, kisu chake, vyote viliongezwa vipya na havitoki. Ijumaa jioni tukiamua kwenda Shimba Hills nakagua chai, sukari na chumvi, tunabeba, tumeondoka. Zamani tulikuwa tunafika na kugundua mwiko umebaki jikoni na pilau tukaigeuza kwa kijiko cha chai. Wageni wakija nyumbani na vikombe vikapungua, kila mtu anaangalia lile sanduku pale ukumbini, halafu wananiangalia mimi. Mamangu alijaribu mara moja. Nikamwambia, "Shikamoo mama, hivyo havitoki." Alinuna hadi magharibi.

Juzi Baba Salma amenitumia picha ya sanduku jipya, la alumini, droo nane. Nimemuuliza kikaango kitakaa droo gani. Bado hajanijibu.