Kijana wa laptopu anapoita wenzake jukwaani

Nyatiti, kinubi cha Waluo wa Kenya, ina nyuzi nane, lakini anayeipiga hatumii vidole vya mikono tu. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa oduong'o, pete ya chuma anayoigonga kwenye ubao wa ala. Mguuni amefunga gara, njuga zinazolia kila anapotikisa. Juu ya hayo yote anaimba, anasifu na kuchokoza. Kwa hivyo anayedai kwamba muziki wa mtu mmoja ni ugonjwa ulioletwa na kompyuta hajaketi Nyanza, kwa Waluo, vya kutosha.

Nalitaja hili kwa sababu ubishi ni uleule kila produsa wa huku Kisumu anapoamua kutoka chumbani. Amekaa miaka miwili mitatu Nyalenda au Manyatta na laptopu, FL Studio (programu ya kutengenezea muziki) na spika mbili. Biti zake zimepata wasikilizaji, na sasa amealikwa kupiga mbele ya watu. Apande peke yake na mashine, au atafute mpiga ngoma, besi, gitaa na kinanda? Mimi niko upande wa bendi, ila sababu yangu si ile inayosikika sana mitaani.

Mitaani utaambiwa kwamba kubonyeza si kupiga muziki. Hoja hiyo haisimami. Ohangla ya Waluo ilikuwa muziki wa ngoma zilizowambwa ngozi ya kenge. Leo, ukipita Kondele usiku, utakuta kinanda kimoja kimebeba ngoma na besi, na hakuna anayedai arudishiwe kiingilio. Nakuru nako, mwimbaji wa mugithi, muziki wa dansi wa Wakikuyu, hukesha na gitaa lake na midundo ya mashine, huku wachezaji wameshikana mmoja nyuma ya mwingine kama mabehewa. Watu wamelipa wacheze, nao wanacheza.

Tena hesabu iko upande wa mashine. Tuseme ukumbi unalipa shilingi 20,000. Produsa peke yake analipa nauli, anakula, na anabaki na kitu. Wakiwa watano, kila mmoja ana 4,000 kabla ya usafiri, na seti ya ngoma haipandi bodaboda. Ongeza kodi ya mahali pa mazoezi, ongeza mpiga gitaa ambaye Jumamosi hiyohiyo ana harusi Siaya inayolipa vizuri zaidi. Bendi nyingi hufia hapo, kwenye kalenda, bila ugomvi wowote.

Sasa, mbona bado nang'ang'ania bendi? Angalia pakruok, desturi ya kujisifu ukumbini. Mteja anatoa pesa, anasimamisha muziki, anajisifu au kumsifu rafiki yake, kisha ngoma inarudi. Hakuna ajuaye atasema kwa muda gani, wala kama jirani yake atainuka amjibu kwa noti kubwa zaidi. Au angalia benga, muziki wetu wa magitaa: gitaa linafuata maneno ya mwimbaji, halafu maneno yanakoma na magitaa yanapandisha moto kwa kadiri wachezaji wanavyodai. Wimbo uliopangwa kwenye skrini kwa dakika nne hauwezi kusikia ukumbi. Ni kweli, produsa anaweza kuurudisha mdundo uleule mara hamsini. Hilo linaongeza urefu, lakini moto haupandi. Anayepandisha ni mtu aliyeona bega la mchezaji likianza kutikisika.

Kosa ninaloliona ni hili: produsa anaita wapigaji, anawapa faili, anawaambia waige. Mpiga ngoma anavaa visikizi, anafuata kliki, mlio wa kompyuta unaoshika mwendo, anapiga kile ambacho laptopu tayari inapiga. Hapo hujapata bendi; umekodisha pambo lenye jasho. Kama hana ruhusa ya kuubadilisha wimbo, mashine ingefanya kazi hiyo kwa bei nafuu na bila kuchelewa mazoezini.

Walio mbali wamejibu swali hili kwa njia tofauti. Trent Reznor alianzisha bendi ya Nine Inch Nails huko Cleveland, Marekani, mwaka 1988, na hadi 2016 ni yeye tu aliyehesabiwa kuwa mwanachama rasmi, ingawa jukwaani alizungukwa na wapigaji wakali waliokuja na kuondoka. James Murphy wa New York, ambaye singo yake ya kwanza kama LCD Soundsystem ilitoka 2002, alipiga ala nyingi mwenyewe studioni, lakini jukwaani akawa na bendi kamili, Pat Mahoney kwenye ngoma na Nancy Whang kwenye vinanda. Njia zote mbili zilizaa muziki mzuri, kwa hiyo sitasema studio lazima iwe ya wote. Ninachodai ni kwamba wanaoitwa waelezwe wazi wameitiwa nini.

Kwetu, kuficha hilo kunaleta kesi. Mpiga besi akitunga mstari unaoubeba wimbo, je, ni mtunzi mwenza au kibarua wa usiku mmoja? Nchini Kenya hakimiliki ya utunzi hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hivyo jibu la ovyo leo litawafikia wajukuu. Karatasi moja yenye majina na asilimia, iliyotiwa sahihi kabla ya kurekodi, haigharimu kitu. Lakini tunaona haya kuitaja kwa sababu "sisi ni ndugu".

Ningekuwa kwenye viatu vya produsa huyo, nisingeita wanne kwa mkupuo. Ningeanza na mpiga besi, kwa sababu besi ndiyo inayoamua kama biti ya kompyuta itachezeka kwa kiuno cha huku. Ningefuta besi yangu yote kwenye faili, nimwachie nafasi tupu, tupige hivyo miezi mitatu. Wimbo ukitoka pale umegeuka, namtafuta mpiga ngoma. Ukibaki vilevile, namlipa ujira wake, tunasalimiana vizuri, narudi kwenye laptopu yangu. Na kama wimbo umegeuka ukawa mzuri kuliko nilivyoutunga, kuna bango la shoo ijayo lenye jina langu peke yangu, na sharti nimwambie mwenye ukumbi alichapishe upya.