Anayeanza terminali awekewe rm -i?

Walimu wengi wa Linux humwekea mwanafunzi mstari huu kwenye .bashrc (faili la mipangilio ya Bash, programu inayopokea amri za terminali) hata kabla hajaandika amri yoyote: alias rm='rm -i'. Alias ni jina la mkato: akiandika rm, amri ya kufuta, inakuwa rm -i. Tangu hapo, kila faili linapofutwa anaulizwa kwanza. Hoja yao ina uzito: rm haipeleki kitu kwenye pipa la taka, na anayeanza mara nyingi hana nakala nyingine. Red Hat, kampuni yenye Linux yake, nayo huiweka alias hiyo kwenye akaunti ya root, yaani ya msimamizi mkuu.

Sasa mpe folda yenye picha 40. Anaandika rm *.jpg, anaulizwa mara 40, anajibu y mara 40. Akifika ya kumi hasomi tena jina, anabonyeza tu. Akichoka atagundua rm -f isiyouliza, na -f ikija baada ya -i huitangua. Kibaya zaidi ni sudo rm, yaani rm inayoendeshwa kwa mamlaka ya root. Kwa kawaida Bash hutafuta alias kwenye neno la kwanza la amri, na hapo neno la kwanza ni sudo. Kwa hiyo pale penye hatari kuliko pote haulizwi chochote. Akiingia kwa ssh, yaani kutoka mbali, kwenye seva isiyo na alias hiyo, ni vilevile: vidole vimeshazoea kungoja swali ambalo haliji.

Na kosa lenyewe hutokea kabla rm haijaanza kazi. Alitaka rm *.txt, akaandika rm * .txt. Kwa nafasi hiyo moja, Bash inageuza nyota kuwa majina ya vyote vilivyomo, isipokuwa vilivyofichwa, kisha inaikabidhi rm orodha. Lalamiko kwamba .txt haipo huja mwisho, mafaili yakiwa yameshaondoka.

Dawa yake ni ls, amri inayoonyesha orodha ya mafaili. Atengeneze folda ya majaribio: mkdir mazoezi (kuiunda), cd mazoezi (kuingia ndani), touch a.txt b.txt c.md (kuunda mafaili matupu). Aandike pwd ajue yuko wapi, kisha ls *.txt, asome orodha. Abonyeze mshale wa juu, arudi mwanzo kwa Ctrl+A, abadili ls iwe rm, bila kugusa kilichobaki. Mazoea haya anaenda nayo kwenye kompyuta yoyote.

Kwa mv (kuhamisha) na cp (kunakili), -i naikubali kabisa. Huuliza pale tu faili la zamani linapotaka kufunikwa, na kwa kuwa swali ni la nadra, husomwa. Asiyeridhika kuacha rm tupu atumie -I kubwa: huuliza mara moja tu, mafaili yakizidi matatu au kukiwa na -r, inayofuta folda na vyote vilivyomo.