Nani alisema wasiwasi ndio akili?

Juzi jioni, kwenye matatu ya kutoka Ngara, mvua ikinyesha, nilimpa makanga noti ya shilingi 200. Nauli ilikuwa 80. Akanirudishia 70. Nikamwambia kwa upole, hamsini yangu bado. Akaangalia dirishani. Nikarudia. "Tulia siste, nitakupa mbele." Mara ya tatu sikuwa mimi tena. Mikono ilitetemeka, masikio yakaziba, ikatoka sauti ambayo hata mama yangu hajawahi kuisikia. Gari zima likanyamaza. Ndipo mzee mmoja wa kiti cha nyuma akasema taratibu, kama anayetoa nasaha: "Huyo mshukisheni hapo Mathari."

Tulikuwa ndio tumepita Pangani. Watu walicheka hadi Roysambu.

Sasa, mkobani nilikuwa na barua ya rufaa ya kwenda huko huko Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Mzee hakukosea njia, alikosea siku tu. Miadi yangu ni Jumatano.

Tangu mwaka jana nimekuwa nikigawiwa methali mbili kama Panadol. Nikisema silali, naambiwa wasiwasi ndio akili. Nikifoka, naambiwa hasira hasara. Yaani woga wangu ni hekima, hasira yangu ni tabia mbaya, na hakuna anayefikiri kwamba hawa wawili wanaweza kuwa wanalala kitanda kimoja. Aliyetunga ile ya kwanza hakuwahi kuamka saa tisa usiku kuhakikisha, kwa mara ya sita, kwamba mtungi wa gesi umefungwa. Kama wasiwasi ndio akili, mimi leo ningekuwa profesa.

Safari yangu ilianzia tumboni, kama ya nusu ya marafiki zangu. Daktari wa kwanza alisema ni vidonda vya tumbo. Wa pili alisema presha, ingawa mashine yake mwenyewe ilikataa. Muuza dawa wa mtaani alisema nipunguze chai. Mama akapiga simu kutoka nyumbani: "Mwanangu, umeombewa?" Nimeombewa, mama. Wala sifanyi mzaha. Ni maombi yake peke yake ambayo hayajanidai pesa za kufungua faili.

Kisha mwezi uliopita muuguzi mmoja, kijana tu, akanipa karatasi ya maswali 7. Wanaiita GAD-7, kipimo cha wasiwasi. Katika wiki 2 zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na hili, na lile; kila swali alama 0 hadi 3, jumla 21. Nikajaza mbio mbio kama fomu ya benki. Kushindwa kuzuia wasiwasi, 3. Kushindwa kukaa nikatulia, 3. Nikafika swali la 6: kuudhika au kukasirika upesi. Kalamu ikasimama.

Ilikuwa mara ya kwanza maishani hasira yangu kuulizwa swali badala ya kupewa onyo. Iko pale pale kwenye orodha, imebanwa katikati ya kukosa utulivu na kuhofia kwamba jambo baya linakuja. Nililia mbele ya yule kijana wa watu, naye akajifanya anatafuta stepla.

Hili ndilo ninalotaka kulipigia kelele. Mwili wangu unashinda kutwa ukingojea hatari isiyofika. Moyo unakimbia, mabega yamekaza, usingizi ni wa vipande. Mwili wa namna hiyo ukiguswa kidogo unajua mawili tu, kukimbia au kupigana, na ndani ya matatu, mlango umeshikwa na makanga, utakimbilia wapi? Nilipofoka juu ya shilingi 50 nilikuwa na hofu. Hofu ya nini, sijui. Ndiyo maana natafuta daktari. Lakini mtu akilia hupewa kitambaa, akiogopa hupewa methali, akikasirika hupewa jina. Na akiwa mwanamke jina lenyewe ni mapepo. Mwanamume anayefoka ofisini ana msimamo, nasikia.

Haya, nakubali, tena kwa shingo upande. Makanga hakustahili yote niliyomtupia. Pengine ile hamsini, si ukoo wake mzima. Na nyumbani kuna mtoto. Ana miaka 6. Alivunja kikombe, akakusanya vigae akavitia kwenye soksi, akaificha soksi ndani ya mkoba wa shule. Nilijua alipojikata kidole. Sijawahi kumpiga mwanangu, hata siku moja. Alikuwa anaogopa sauti. Kila nikichoka na foleni, naikumbuka ile soksi, nakaa.

Karatasi ilinipa 17. Nikadhani hatimaye nimepata jina la ugonjwa wangu. Wapi! Karatasi hupepeta tu, haihukumu. Daktari akaagiza vipimo vya damu kwanza, kwa sababu tezi ya shingoni, thairoidi, ikifanya kazi kupita kiasi huleta yale yale: moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, hasira. Majibu yakarudi safi, nami nikahuzunika. Nani huhuzunika kuambiwa tezi yake ni nzima? Kisha akaniuliza kama nimewahi kupitisha siku kadhaa karibu bila kulala na bado nikawa na nguvu za ajabu. Anataka kujua kama ni bipola, ugonjwa wa hisia kupanda juu mno kisha kuporomoka, maana ukimpa mwenye bipola dawa za sonona peke yake unaweza kumrusha upande wa pili. Basi akaandika ile barua ya Mathari. Ninamwelewa. Kupenda sijapenda.

Rafiki yangu ananiuliza, jina la nini sasa? Si ujue tu una mawazo? Dada, jina ninalo tayari. Mtaani naitwa mkali, kazini naitwa mgumu, na juzi kwenye gari nimebatizwa tena. Nataka jina ambalo lina dawa yake.

Mwaka 2020, hapa Kenya, jopokazi la serikali lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga, daktari wa magonjwa ya akili, lilipendekeza afya ya akili itangazwe dharura ya kitaifa. Ripoti ni ndefu; niliisoma usiku, ikanizidishia wasiwasi. Na hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai katika nchi hii. Mtu anazama, unamwandalia pingu. Kuhusu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, sisemi kitu leo, nimeambiwa nichunge mapigo ya moyo.

Mathari ilifunguliwa 1910. Zaidi ya miaka 100 iko hapo, na bado kazi yake kubwa vinywani mwetu ni kuchekesha abiria. Hata mimi nimewahi kulitumia jina hilo hivyo, shuleni, juu ya msichana aliyekuwa akizungumza peke yake. Nimemkumbuka sana wiki hii.

Kwa hiyo Jumatano asubuhi nitapanda kutoka Roysambu. Nimekuwa nikijizoeza bafuni kusema kwa sauti ya kawaida, isiyo ya kunong'ona wala ya kufoka: "Mathari hapo, shukisha." Na nauli nitashika kamili, sarafu kwa sarafu. Hamsini nyingine siachi.