Gagulo la Dola Mia Saba

Mama mkwe wangu ni fundi cherehani, yuko Ngamiani, Tanga, na hana imani na benki, simu wala wanaume. Kwa hiyo aliposikia mwanawe kapata kazi ya kutengeneza malori Lubumbashi, na kwamba tutakwenda kwa nchi kavu tukiwa na dola 700 za kuanzia maisha, hakuuliza tutazibeba vipi. Aliniambia tu, "Mwanangu, hebu nipe lile gagulo lako zito."

Dola zenyewe zilikuwa safi kupita kiasi. Dereva mmoja wa malori ya shaba alikwishatuonya kwamba Kongo dola haipokelewi ovyo: isiwe ile ya zamani yenye kichwa kidogo, isiwe na wino, isiwe na mchaniko hata wa ukucha. Mume wangu, ambaye ana daftari la bajeti na analala nalo chini ya mto, alisimama kwenye dirisha la duka la fedha akichagua noti moja moja na kurudisha, hadi binti wa dirishani akamuuliza kama anatafuta hela au mchumba. Akatoka na noti za mia mia, mpya, hazijawahi kukunjwa na mtu.

Mama mkwe akazipanga ndani ya pindo, akakanyaga cherehani. Akapiga mshono juu, akapiga mshono chini, na kila noti akaipigia mshono wa kusimama pembeni ili isicheze. Mimi nilikuwa uani nafunga mabegi. Niliporudi nilikuta kazi imekwisha, na kusema haki, pindo lilinyooka.

Tukapanda treni ya TAZARA pale Dar es Salaam, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, kwa kuwa daftari liliona basi ni anasa. Mahali reli inapokatiza mbuga, abiria wote walikimbilia madirishani kutazama twiga. Mimi nilibaki nimekaa. Mwenye daftari alinikataza kuinukainuka, eti mtaji utakunjika. Twiga nikasimuliwa.

Kutoka Kapiri ni mabasi: Ndola, Chingola, mpaka Kasumbalesa. Mpakani unashuka na kutembea kwa miguu, kadi ya chanjo ya homa ya manjano mkononi, na ni hapo nilipogundua kwamba gagulo langu linaongea. Krr. Krr. Kila hatua. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aligeuka, akanitazama miguu, akahamisha mzigo wake upande wa pili. Mume wangu akaona dawa ni kukohoa kila ninapokanyaga, ili kufunika ile sauti. Nikipiga hatua, anakohoa. Nikipiga nyingine, anakohoa zaidi. Watu wa afya wakamwita pembeni kumpima joto, na mimi nikabaki peke yangu katikati ya uwanja, sithubutu kujongea.

Lubumbashi ikatupokea kwa baridi. Sisi watu wa pwani Kongo tunaijua ya jasho na gitaa. Hakuna aliyetuambia kwamba ule mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwamba usiku wa mwezi wa Juni meno yanagongana. Blanketi tulikuwa tumeliacha Tanga ili kupunguza mzigo (wazo la nani, sisemi, ila liliandikwa kwenye daftari na kupigiwa mstari). Tulifikia gesti moja Kamalondo, tukalala ndani ya khanga zangu zote na suruali zake zote, na gagulo juu yake. Nje, jirani anachoma michopo, mbuzi yule ananukia hadi chini ya mlango, na mume wangu ananinong'oneza kwamba mwezi huu nyama haimo.

Nyumba tuliipata upesi kupitia komisionere, yaani dalali, kijana mwenye viatu vinavyong'aa kuliko mji mzima. Ilikuwa Katuba, vyumba viwili ndani ya lupango, yaani ua, lenye mwembe, dola 100 kwa mwezi. Garanti, ile amana ya nyumba, miezi 6, na mwezi mmoja wa komisionere. Jumla 700. Mume wangu alikaribia kulia kwa furaha kuona hesabu na gagulo vimekutana namna ile. Hata hivyo hakuweza kujizuia. Alikuwa amesoma mahali kwamba sheria ya Kongo ya mwaka 2015 inataka garanti ya nyumba ya kuishi isizidi miezi 3, na akalisema hilo mbele ya mwenye nyumba, kwa sauti ya wakili.

Mwenye nyumba, mzee mstaafu wa migodi, alimsikiliza hadi mwisho. "Sheria iko Kinshasa," akasema. "Na Kinshasa banaendaka na ndege."

Basi tukakubali kulipa. Hapo ikanibidi nimwombe mke wa mzee anionyeshe choo, na pia aniazime wembe. Yule mama alinitazama usoni, akatazama mkono wangu, akamtazama mume wangu. Wembe alinipa, lakini akaja kusimama nje ya mlango, na muda wote akawa ananisemesha: "Mama, uko muzuri? Mama, unanisikia?" Namjibu niko mzuri, huku nafumua. Nilikuwa nimechutama na giza kidogo, sikukagua kitu. Nilitoka na noti mkononi na gagulo limening'inia nyuzi, yule mama akashusha pumzi na kunishika bega.

Mzee akapokea noti ya kwanza. Akaenda nayo dirishani. Kumbe enzi zake alikuwa maabara, kazi yake kutazama sampuli za shaba, na jicho hilo hakustaafu nalo. Akaiinua ile noti juani, na mimi nikaona kitu ambacho sitakisahau: vinukta vya mwanga vimejipanga shavuni kwa mzee, mstari mmoja ulionyooka, kuanzia sikio mpaka masharubu.

"Mama," akasema polepole, "iyi dola iko na matundu."

Akachukua ya pili. Matundu. Ya tatu. Matundu, na nafasi kati ya tundu na tundu ni ileile, maana mama mkwe hana mkono mbaya. Noti zote zilizochaguliwa dirishani kwa ukali ule zilikuwa zimepigwa mshono pembeni.

"Batu batakatala," mzee akasema, akazikusanya vizuri na kumrudishia mume wangu kwa mikono miwili, kwa heshima, ungedhani anampa pole ya msiba.

Mume wangu akapendekeza tulipe kwa faranga. Mzee akatuketisha. Akatueleza kwamba yeye alikuwa mfanyakazi zama za zaire, pesa ya kabla ya faranga, wakati bei ya mkate asubuhi si bei ya mkate jioni. Kwamba mwaka 1992 serikali ilitoa noti moja ya zaire milioni 5, na aliyekuwa nayo mfukoni hakuwa tajiri hata kidogo. Tangu hapo nyumba yake inasikia dola tu. Sikuwa na la kumjibu. Mtu aliyewahi kuwa milionea na akala sombe bila mafuta, utamfundisha nini kuhusu pesa?

Benki hatukukaa. Yule bwana wa dirishani hakuzigusa hata kwa kidole. Alizisukuma kwa ncha ya kalamu.

Tukaenda kwa makambiste, vijana wanaokaa barabarani karibu na Posta, meza ndogo, mwavuli, na matofali ya faranga yamefungwa kwa mpira. Tukamchagua mmoja mwenye uso wa huruma. Akainua noti juani kama ilivyo ada, akafumba jicho moja.

"Yaya," akaniuliza, "iyi dola balipiga risasi?"

Akaita mwenzake. Mwenzake akaita mwingine. Baada ya muda tulikuwa na baraza zima, kila mtu anachungulia mji kupitia dola yetu. Hatimaye akasema atanunua, lakini kila mia kwa themanini. Mume wangu alivuta pumzi hadi vifungo vya shati vikalalamika, akaweka noti mfukoni, akanishika mkono, tukaondoka na fahari yetu yote.

Fahari hiyo ilidumu hadi usiku. Mlinzi wa gesti, kwa nia njema kabisa, alitwambia kwamba tundu dogo huzibwa: unachukua uji mzito wa unga, unapaka kwa unyoya wa kuku, unapiga pasi. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo ilikuwa pasi ya mkaa. Mimi nilisema tumwachie Mungu. Mume wangu akasema fundi ni fundi, awe wa gia au wa noti.

Noti ya kwanza ilitoka vizuri, nakiri, ukiitazama kwa mbali na ukiwa huna nia mbaya nayo. Ya pili ikashikana na pasi. Akaivuta kwa upole, na ilipobanduka, yule mzee Franklin wa kwenye picha alikuwa na doa jeusi la mviringo katikati ya paji la uso. Sijida kamili. Huyo sasa anaweza kukaa safu ya kwanza msikiti wowote wa Tanga na asiulizwe ametoka wapi.

Hapo ndipo tuligombana. Tuligombana tumelala, kwa sababu ya baridi, kila mmoja anavuta khanga upande wake.

"Mama alikuwa anatulinda na wezi," akasema.

"Katulinda na wezi, katulinda na wenye nyumba pia."

"Usimseme mama yangu."

"Simsemi mama. Namsema cherehani."

Akanyamaza. Baadaye nikaona mwanga wa simu chini ya khanga: alikuwa amefungua daftari. Kesho yake nilipochungulia, palikuwa na safu mpya iliyopigiwa mstari kwa rula. Mtoto wa mama hakuweza kuiandika kama ilivyo. Aliandika: *Hasara ya cherehani*.

Kwa kambiste nilirudi mimi ndiye msemaji, mume wangu nyuma yangu kabeba mfuko wa shangazi kaja. Kijana alitupokea kwa furaha ya mtu aliyejua. Noti zenye mshono akazichukua kwa themanini themanini, hakuongeza, hakupunguza, ila ile yenye uji aliinusa kwanza. Akafika kwa Franklin mwenye sijida.

"Na huyu? Sitini."

"Sitini ya nini? Huyo ni mcha Mungu, wenzake wote hawaswali."

Akacheka hadi akashika meza. Akanipa sabini, na kiti nikae wakati anahesabu. Dola moja ni faranga zaidi ya 2,000, na yeye noti kubwa aliniambia hana, labda kweli. Tukapokea milioni na ushei, nyingi zikiwa za mia tano na za elfu. Shangazi kaja ikajaa, zipu ikagoma. Ile pesa iliyokuja Kongo imejificha ndani ya pindo sasa ilivuka mji kichwani kwangu, tena ndani ya basi lililojaa, na abiria mmoja akaniuliza kama nauza vitunguu.

Komisionere ndiye aliyetuokoa, si kwa mapenzi, ila mwezi wake mmoja ulikuwa unamponyoka. Alimwendea mzee, akamsihi, akamtajia ugeni wetu na baridi ya Juni. Mzee akatutazama tulivyovaa. Akalegea. Faranga akazikubali, kwa bei yake mwenyewe ya dola, iliyokuwa juu kidogo ya ile ya barabarani. Na garanti?

"Miezi tatu ya sheria," akasema, akimtazama mume wangu. "Na moja yangu."

Mume wangu alifungua daftari, akafunga, akampa mkono.

Kuhesabu kulianza mchana. Mzee hakuamini mashine wala haraka. Alitaka kila noti ipite chini ya kidole chake. Alipofika katikati, mjukuu akaingia kuomba hela ya daftari la shule, hesabu ikapotea. Wakaanza upya. Mke wa mzee akaleta bukari, yaani ugali, na mchicha wao wa lengalenga na samaki tomson wa kukaanga, akaniwekea mimi kipande kikubwa. Tangu siku ya wembe ananihudumia kama mgonjwa. Watoto wa lupango wakagawiwa mafungu wasaidie, na kila mmoja akaja na jumla yake. Umeme ukakatika. Zikawashwa tochi za simu. Komisionere, ambaye fungu lake lilikuwa la mwisho, alivua vile viatu vyake na kukaa mkekani pamoja nasi.

Katika fungu la mwisho kabisa mzee akasimama. Alikuwa ameshika noti ya mia tano ambayo sijui ilipitia vita gani: imekatika katikati na kuungwa kwa gundi ya karatasi, pembe moja haipo, maandishi yamefutika, na inanuka samaki. Akaiinua kwenye tochi. Mume wangu akanishika goti. Mimi macho yangu yalikuwa yanatafuta wapi shangazi kaja ilipo.

Mzee akaigeuza upande wa pili, akainyoosha juu ya paja lake.

"Iyi haina shida," akasema, na kuilaza juu ya rundo.