Uvumi na Ulaji: Ebola ya Kivu ya Kaskazini Tunaielewaje?

Hapa Goma bado wapo wanaosema kwamba mlipuko wa Ebola uliotangazwa mkoani kwetu Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo (DRC), tarehe 1 Agosti 2018 ulikuwa biashara ya wakubwa. Wapo pia wataalamu wanaodai kwamba ukaidi wa wananchi ndio uliourefusha hadi Juni 2020, ukaua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470. Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini naona wataalamu wanajisamehe upesi mno.

Hatari ya uvumi hawakuibuni. Uchunguzi uliofanywa Septemba 2018 katika miji ya Beni na Butembo, mkoani humu, ulionyesha kuwa robo ya waliohojiwa hawakuamini kwamba Ebola ipo, na hao ndio waliokuwa wagumu zaidi kukubali chanjo. Baadhi ya wanasiasa waliuchochea uvumi huo kwa makusudi. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kutuhudumia, aliuawa hospitalini Butembo. Hakuna malalamiko yanayohalalisha kifo hicho.

Hata hivyo, uvumi ulikuwa na cha kushikilia. Siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, tume ya uchaguzi, CENI, iliahirisha upigaji kura Beni na Butembo hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama, ilhali rais mpya aliapishwa Januari. Kuepuka misongamano wakati wa mlipuko ni hoja nzito kitabibu. Lakini masoko na makanisa yalikuwa wazi, na wakazi wa Beni walijipanga foleni, wakanawa mikono, wakapiga kura yao ya mfano. Siasa ilivishwa koti la daktari, na aliyelipa gharama ni mhudumu wa afya aliyebisha hodi nyumbani kwa watu siku zilizofuata.

Kisha zikaja fedha. Machi 2020 mahakama ya Kinshasa ilimhukumu waziri wa zamani wa afya, Oly Ilunga, miaka mitano ya kazi ngumu kwa ubadhirifu wa zaidi ya dola 400,000 za mapambano dhidi ya Ebola, shtaka alilolikana. Walioishi kando ya mapambano hayo hawakuhitaji hukumu: waliona magari ya kukodi yakilipiwa kwa siku, walisikia vijana wakilazimika kumkatia bosi sehemu ya mshahara ili wapate kazi, huku malaria na surua zikiendelea kuua watoto wao.

Wanaoonya kwamba kuanika wizi katikati ya mlipuko ni kuwapa wazushi silaha wana hoja, ila silaha hiyo wazushi walikuwa nayo tayari. Mgonjwa wa kwanza alipogunduliwa Goma, tarehe 14 Julai 2019, mchungaji aliyetoka Butembo kwa basi, habari ilitangazwa mara moja, aliokutana nao wakafuatiliwa na kuchanjwa, na wagonjwa wa mji huu hawakuzidi wanne. Uwazi uleule uliwezekana kwa fedha. Katika mlipuko ujao, takwimu za wagonjwa zikitolewa, ibandikwe pia kwenye mlango wa kila kituo cha afya, kwa Kiswahili, orodha ya magari yaliyokodiwa, majina ya wenye magari hayo, na kiasi wanacholipwa.