Uzalendo si kunyamaza

Nimeisoma habari yenu ya Siku ya Mashujaa, pale mlipoandika kuwa vijana wa leo hawana uzalendo kwa vile wanalalamika sana. Mie ni mwanajeshi mstaafu, mtu wa Wete, vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, nilikuwemo, tulilikuta daraja la Kyaka limeshavunjwa, tukaenda mpaka Masaka, na Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979, kwa hiyo na mie naomba nisikizwe.

Kule handakini hakuna alouliza huyu Mpemba au Msukuma. Mwenzangu wa Songea, Mkristo, alikuwa ananishikia lindo mpaka nimalize sala nitoe salamu, na Jumapili mie nampokea lindo yeye asali sala zake. Wengine wamelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile kule Kagera, mpaka leo, Mungu awarehemu. Wamekufa kwa sababu Amin aliona mwenye bunduki ndo mwenye haki, sasa vipi kijana anodai haki yake kwa mdomo mtupu aitwe msaliti?? Hapa kwetu Pemba Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi wakafa, ikaundwa tume ya kuchunguza chini ya Brigedia Jenerali Mbita, mwanajeshi mwenzetu, mambo haya hayafutiki kwa gwaride na mashada ya maua yakhe.

Suratun Nisaa aya ya 135 inatuamrisha tusimamie haki hata ikiwa juu ya nafsi zetu au wazazi wetu. Mie niliapa kuilinda nchi na watu wake, wote, wa chama chochote. Na wajane wa wenzetu huko Micheweni wapewe mafao yao wangali hai.