Bamukwe na Choo Kilichotoa Mvuke

Anayedhani Kongo nzima ni joto, aje Lubumbashi mwezi wa 6, alfajiri, anawe uso kwa maji ya bomba. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na usiku wa kiangazi meno yanacheza ngoma yenyewe.

Nyumbani tuna boila ya umeme, lita 80, imetundikwa ukutani bafuni. Ni boila nzuri, ila umeme hukatika jioni, saa ileile watu wanapotaka kuoga. Bamukwe wangu, baba wa mke wangu (naye huniita mimi vilevile, bamukwe), alipopiga simu kwamba anakuja, nikaapa mzee huyu haogi maji ya ndoo kwangu. Nikaita fundi.

Fundi alikuwa na jibu kabla sijamaliza swali. Jiko la kuni nje, nyuma ya ukuta wa bafu, na ndani yake bomba la shaba lililojiviringisha kama nyoka. Maji baridi yanashuka kutoka chini ya boila, yanapita motoni, yanarudi juu. Pampu ya nini? Maji ya moto ni mepesi, yanapanda yenyewe, mradi moto uwe chini na boila juu. Hapo hakudanganya.

Ila pale maji baridi yanapoingilia boila palikuwa na kidude chenye valvu: kinazuia maji yasirudi yalikotoka, na presha ikizidi kinaitoa nje. Kilikuwa kinadondosha dondosha. Fundi akaking'oa, akaunga bomba moja kwa moja.

"Patron, kile kilikuwa kinapoteza tu maji."

Nikamlipa, nikamwongezea na soda.

Bamukwe akafika. Nikashindilia kuni kama napikia matanga. Saa 2 usiku boila ikaanza: gudu, gudu, gudu.

"Hiyo ni kawaida?" mke wangu akauliza.

"Ni presha inafanya kazi," nikajibu, mimi ambaye neno hilo nilikuwa nimelisikia kwa fundi asubuhi ileile.

Mzee akaingia kuoga. Kimya kidogo, kisha:

"Bamukwe! Maji baridi iko wapi?"

"Robine ya kuume, papa!" nikamjibu, yaani bomba la mkono wa kulia.

"Ya kuume ndiyo inachoma zaidi!"

Boila ya umeme ina kidude cha kukata moto maji yakishaiva. Kuni hazina. Maji yalichemka, yakatafuta pa kwenda, yakakuta njia ya maji baridi haina mlinzi. Yakarudi nyuma kwenye mabomba yote ya nyumba, hadi kwenye tangi la plastiki lililo juu. Tangi hilo halikuwa na mfuniko. Ulivunjika zamani na mimi nikawa naahirisha kuununua. Njia ile ya wazi, na labda uvivu ule pia, ndiyo iliyotuokoa tusilipuke.

Mzee, kwa adabu zake, akavuta maji ya choo kabla ya kutoka. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Taulo kiunoni, povu kichwani, na wingu zima nyuma yake.

"Bamukwe, mu choo munapikwa nini?"

Sasa, mtu hamtazami baba mkwe wake akiwa kifua wazi. Nikageukia ukuta. Mazungumzo yote yaliyofuata niliyafanya na kalenda.

Huko nje jirani alikuwa amepanda juu ya tofali, anauliza kama Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba, imehamisha tanuru lake kwetu. Mdogo wangu akaja mbio na ndoo amwagie jiko. Mke wangu akampokonya, maana chuma cha moto namna ile kingeweza kupasuka. Tukatoa kuni kwa koleo, kimoja kimoja, tukafungua robine zote. Umeme ukarudi katikati ya hayo. Boila ikakataa kuwaka. Iliona maji tayari ni ya moto, ikanyamaza zake, ndiyo peke yake iliyokuwa na akili nyumba ile.

Kidude kipya nimenunua, na mfuniko wa tangi pia. Bamukwe alirudi kwake salama. Akipiga simu siku hizi huwasalimia watoto kwanza, kisha mama yao, halafu anaomba nipewe simu.

"Bamukwe, choo kimepoa?"